Kuvu Iliyokosekana Kitaluni

Katikati ya karne iliyopita, wenye vitalu vya michungwa huko California na Florida waliamua kumaliza vita na minyoo ya mizizi, magugu na magonjwa ya udongo. Matuta yalifunikwa kwa nailoni, gesi ya methili bromidi ikapulizwa chini yake, na kila chenye uhai udongoni kikafa. Mbegu zikapandwa, zikaota vizuri, kisha miche ikadumaa. Majani yakawa ya njano. Wengi walidhani ni mabaki ya sumu. Lakini huku na kule, katika tuta lilelile, kulikuwa na kishungi cha miche mirefu, ya kijani kibichi. Sumu gani hiyo yenye kuchagua?

Jibu lilitolewa mwaka 1972 na Kleinschmidt na Gerdemann, watafiti wa Illinois. Gesi ilikuwa imeua pamoja na maadui kuvu ya mizizi, yaani mikoriza. Walipoirudisha udongoni, miche ikakua. Vile vishungi vya kijani vilikuwa mahali ambapo kuvu ilikuwa imenusurika.

Ajabu ni kwamba habari yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliyetumwa na serikali ya Prussia kutafuta namna ya kulima uyoga ghali wa trafeli, alieleza kwamba mizizi ya miti ya msituni imevikwa kuvu, na kwamba kuvu hiyo hauuibii mti bali huulisha. Wenzake wengi walimpinga. Kuhusu trafeli hakufika mbali.

Kwa miti ya matunda, sifa kubwa nampa Barbara Mosse. Akiwa kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, Uingereza, mwaka 1953 alionyesha mbegu za kuvu zilizoungana na mizizi ya stroberi. Baadaye akaiambukiza miche ya tufaha kuvu hiyo kwa makusudi, na mwaka 1957 akaeleza jinsi miche yenye kuvu ilivyoizidi ile isiyo nayo. Kama wenye vitalu wa Marekani wangemsoma, wangejiokolea hasara nyingi.

Siri iko kwenye fosforasi, madini yasiyotembea udongoni. Mzizi humaliza iliyo karibu nao, kisha hubaki na njaa. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hupita mbali na eneo hilo, huileta fosforasi na kulipwa sukari. Ubaya ni kwamba mbegu zake ni kubwa, huzaliwa udongoni na hazirushwi kirahisi na upepo. Ikishauawa, hukawia kurudi.

Hapa kwetu, wauza miche wengi hujaza viriba udongo wa msituni uliochanganywa na samadi na mchanga. Wengi huusifia rutuba tu, ingawa huja na kuvu pia. Huja vilevile na magonjwa, na ndiyo maana wengine huuchoma au kuuchemsha. Anayefanya hivyo airudishe kuvu: akuze mahindi au mtama kwenye udongo wenye kuvu, kisha atie kidogo cha udongo na mizizi hiyo chini ya mbegu anapopanda. Mbolea ya fosfeti aitie kwa kiasi, maana mche ulioshiba fosforasi huipokea kuvu kwa shida.