Kipindupindu cha 1977 na vidonge vya rangi mbili

Wadau, anayedhani usugu wa dawa ni habari ya juzi asome jarida la Lancet la 1979. Humo Fred Mhalu na wenzake walieleza mlipuko wa nne wa kipindupindu Tanzania, ulioanza Oktoba 1977. Mwanzoni tetrasaiklini ilimaliza vimelea vyote vilivyopimwa. Dawa ikagawiwa kwa wingi, hata kwa wazima, eti kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Mitano tu, jamani!

Nia ilikuwa njema, silaumu. Ila dawa huua vimelea dhaifu, na vilivyo sugu hubaki. Hutoka na choo, huingia majini, jirani anavinywa.

Agosti 2015 kipindupindu kikaanzia Kinondoni. Na huku kwetu Temeke? Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo mtaroni, hatua chache kutoka kisima kifupi tunachochotea maji. Tumbo likikata, mtu anakwenda duka la dawa bila cheti, anaomba rangi mbili, anameza nne. Zilizobaki anamwekea mdogo wake.