Mtambo Mwaminifu wa Viungo Vinavyokosea

Hapa Lubumbashi umeme hukatika, basi mama mwenye busara huweka mshumaa, tena taa ya mafuta. Hategemei kitu kimoja. Tutazame jinsi wataalamu walivyoifuata busara hiyo walipounda mitambo ya hesabu, ndiyo kompyuta.

Mtambo wa ENIAC, uliotangazwa Marekani mwaka 1946, ulikuwa na mirija ya kioo karibu 18,000, mfano wa taa za umeme. Mmoja ukiungua, hesabu yote iliweza kuharibika. Mwaka 1952, huko Pasadena, mtaalamu John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, aliuliza: Je, yawezekana kuunda kitu cha kutumainiwa kwa viungo visivyotumainiwa?

Alijibu kwamba yawezekana. Mahali pa kiungo kimoja weka vitatu, vifanye kazi ileile, kisha ufuate neno la wengi. Kama kila kimoja hukosea mara 1 katika 100, na kila kimoja kivyake, basi wengi watakosea mara 3 tu hivi katika 10,000. Kompyuta iliyoongoza roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, iliundwa kwa mpango wa namna hiyo.

Lakini tuangalie. Mshumaa na taa havifai kitu kama kibiriti ni kimoja, nacho kimeloa. Tena, viungo vikikosea kuliko kusema kweli, wingi wao huzidisha uongo. Na mhesabu kura naye huweza kukosea. Kwa hiyo von Neumann hakumwacha peke yake, alimwekea wenzake.

Siku hizi viungo hupimwa kwa nanometa, na nanometa milioni moja ni milimeta moja tu. Nani aunde vidogo hivyo vyote bila kasoro? Mwaka 1998 wataalamu wa California walieleza habari za Teramac, kompyuta yenye kasoro zipatazo 220,000. Kasoro zilitafutwa, zikaandikwa, kazi ikapitishwa njia nyingine; nayo ikafanya kazi vizuri.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1911 tanuru za mji wetu zilianza kuyeyusha shaba. Na mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza nyaya za shaba, badala ya alumini, ndani ya chipu. Basi, kijana unayejifunza ufundi, usingoje vifaa visivyo na kasoro. Zijue kasoro zake, uzipangie msaada. Kidole kimoja hakivunji chawa.