Bei Moja, Mlipaji Nani? Sheria ya Umeme na Wazalishaji Wadogo Nchini Tanzania

Kabla ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mzalishaji binafsi aliingia katika sekta ya umeme nchini kwa mkataba wake peke yake, uliojadiliwa kwa masharti yake peke yake. Matokeo tunayafahamu. Mkataba wa mwaka 1995 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, uliivuta nchi mahakamani na kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa kwa zaidi ya miaka ishirini. Sheria ya 2008, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake na EWURA, mdhibiti wa sekta ya nishati, ilikusudia kuondoa majadiliano ya faragha na kuweka masharti yanayosomeka na kila mtu, hasa kwa wazalishaji wadogo wa umeme wa maji, tungamotaka na jua.

Kwa kiasi kikubwa kanuni hizo ziliandikwa vizuri, na ni haki kulisema hilo kwanza. Mzalishaji wa hadi megawati 10 alipewa mkataba wa mfano wa kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, bila kulazimika kuanza upya mezani. Mwenye mtambo usiofika megawati 1 aliondolewa sharti la leseni. Mtambo wa kilowati 100 au pungufu haukuhitaji hata kuidhinishiwa bei, ila EWURA ilibaki na uwezo wa kuipitia endapo asilimia 15 ya wateja wangelalamika. Kanuni zilijibu pia swali linalomnyima usingizi kila mwekezaji wa gridi ndogo: nguzo za Gridi ya Taifa zikifika kijijini, itakuwaje? Anaweza kugeuka kuwa mzalishaji anayeiuzia TANESCO, au msambazaji anayenunua umeme wa jumla na kuwauzia wateja wale wale, au akalipwa fidia ya miundombinu yake ya usambazaji.

Palipokuwa na kasoro, mara nyingi palirekebishwa. Mwanzoni bei ya kumlipa mzalishaji ilikokotolewa kwa gharama ambayo TANESCO ingeiepuka kwa kununua kwake. Gharama hiyo ilipanda na kushuka kwa sababu zisizomhusu hata kidogo mwenye maporomoko ya maji huko Iringa au Njombe. Mwaka 2015 ukaja utaratibu mpya: bei kwa kila aina ya teknolojia kwa maji na tungamotaka, na zabuni za ushindani kwa jua na upepo. Udhibiti unaojifunza ndio huo.

Kilichoyumbisha soko hili ni kitu kingine. Mwaka 2020 waziri mwenye dhamana ya nishati aliagiza kampuni za gridi ndogo ziwauzie wananchi umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, wakati nyingi zilikuwa zikitoza mara kadhaa ya kiasi hicho. Nia ya agizo ilikuwa njema, nami naiunga mkono bila kusita. Hakuna hoja ya haki inayoweza kumfanya mkazi wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, alipe zaidi ya mkazi wa Kinondoni kwa taa ile ile. Tatizo ni kwamba agizo lilitaja bei bila kutaja fedha za kuibeba.

Tuitazame shilingi 100 yenyewe. Katika bei za TANESCO zilizoidhinishwa mwaka 2016, hicho ni kiwango cha mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mteja wa matumizi ya kawaida alilipa shilingi 292. Yaani shilingi 100 haikuwahi kuwa gharama ya kuzalisha na kusambaza uniti moja. Ni bei ya huruma inayobebwa na wateja wengine ndani ya shirika lenye mamilioni ya wateja. Kampuni yenye paneli, betri na kaya mia chache kisiwani haina mteja mkubwa wa kuegemea. Mwenga, mtambo wa maji wa megawati 4 wilayani Mufindi, unaweza kuwauzia wanavijiji kwa bei isiyo mbali na ya TANESCO kwa sababu umeme wake mwingi hununuliwa na gridi na kiwanda cha chai. Kuuamuru mtambo wa betri ufanye hivyo hivyo ni kuuamuru ule mtaji wake.

Desturi ya serikali kuingilia bei kwa amri haikuanza na gridi ndogo. Desemba 2016 EWURA, baada ya kupokea maombi na kusikiliza wadau, iliidhinisha nyongeza ya wastani wa asilimia 8.5 kwa bei za TANESCO. Serikali iliisitisha kabla haijaanza kutozwa, na mkurugenzi mtendaji wa shirika akaondolewa. Kama uamuzi halali wa mdhibiti ungeweza kufutwa namna hiyo kwa shirika la umma, benki inayoombwa mkopo wa miaka 15 na kampuni binafsi ya kijijini ina kila sababu ya kuuliza kanuni zina uzito gani.

Wapo wanaosema bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limemaliza mjadala. Sivyo. Bwawa limeongeza umeme Rufiji. Halijafupisha njia ya kufika visiwani, na gharama ya kaya iliyo mbali ipo zaidi kwenye nyaya kuliko kwenye mitambo.

Dawa ipo ndani ya sheria zetu wenyewe. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na Mfuko wake, na kila anayenunua umeme wa LUKU huona kwenye risiti asilimia 3 inayokwenda huko. Fedha hizo zimetumika zaidi kugharimia ujenzi na kuunganisha wateja. Sheria hiyo irekebishwe ili Mfuko ulipe pia tofauti kati ya bei ya taifa na gharama ambayo EWURA imeithibitisha kwa kila gridi ndogo, kwa kila uniti iliyosomwa kwenye mita ya malipo ya kabla, na hesabu zipitiwe kila mwaka. Sheria ya Umeme nayo iongezewe kifungu: agizo lolote la bei litolewe kwa maandishi kupitia EWURA, likitaja chanzo cha fedha za kufidia pengo, na lisianze kutumika kwa mzalishaji aliyekata rufaa Baraza la Ushindani hadi rufaa yake iamuliwe.