Freni za barabara ya Masisi: tangu kipande cha mti hadi Fuso

Tangu Februari 2025, kambi za wahami zilizozunguka Goma zilipobomolewa, familia nyingi zilipanda makamyo kurudi upande wa Masisi. Wengine walifika, wengine wakakimbia tena. Kabla ya kupanda, watu huuliza kama njia iko wazi, kama shamba bado lina mwenyewe, kama nauli imeongezeka. Freni huulizwa na wachache. Leo tuongee juu yake, kwa sababu barabara yetu imekuwa na shida ya freni tangu gari la kwanza lilipoipanda.

Angalieni nchi yenyewe ilivyo. Sake iko karibu na ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 na kidogo. Ukitoka hapo tu unaanza kupanda kuelekea Mushaki, na milima ya Masisi inapita mita 2,000. Kisha, ukivuka Masisi-kati, Nyabiondo na Kashebere, unashuka, unashuka, mpaka msitu wa Walikale ulio chini ya mita 1,000. Kupanda kunataka moteri. Kushuka kunataka freni, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kamyo ya tani 10 ikishuka mita 500 kwa kutegemea freni peke yake, moto unaozalishwa kwenye magurudumu unatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Ni mabidoni 7 yale ya manjano, yote yakitokota. Moto huo wote unaingia kwenye ngoma chache za chuma na zile garnitiri zinazozisugua.

Magari ya kwanza yaliyofika Kivu wakati wa Wabelgiji yalikuwa na freni za waya na vyuma. Shofere alikanyaga, chuma kikavuta chuma, gurudumu likashikwa, au likashikwa la upande mmoja tu. Ford yenyewe ilikubali freni za mafuta kwenye magari yake ya mwaka 1939 tu, ingawa Mmarekani Malcolm Loughead alikuwa amepata hati ya ugunduzi wake mwaka 1917. Kwa hiyo kwenye njia za mashamba ya piretri na kwina, freni ya kweli ilikuwa kijana mmoja, boyi-shoferi, aliyekaa nyuma juu ya mizigo akiwa na kipande cha mti mkononi. Gari lilipoanza kurudi nyuma kwenye mlima, aliruka chini, akakimbia, akakisukuma chini ya gurudumu. Akichelewa, gari liliondoka na wote. Akiteleza, lilimpita juu. Jina lake halikuandikwa popote. Leo tunamwita konvwayeri, na ukitazama nyuma ya Fuso inayopanda Mushaki utaona kile kipande cha mti bado kinaning'inia.

Freni za mafuta zilipoenea, zilileta elimu mpya garajeni. Mafuta hayabanwi: ukisukuma pedali hapa, nguvu inafika kwenye magurudumu yote kwa mara moja. Lakini hewa inabanwa. Tone la hewa likiingia kwenye bomba, pedali inakuwa laini kama sifongo. Ndiyo maana fundi humwambia mwanafunzi wake akae ndani, apige pedali, ashikilie, naye chini anafungua kijiskrubu mpaka hewa imalizike. Mafuta ya zamani yalichanganywa na mafuta ya mbarika, ule mmea unaoota wenyewe kandokando ya nyumba zetu, pamoja na alikoli. Mbarika haikuharibu mipira midogo iliyo ndani ya freni. Mafuta ya moteri huiharibu: mipira huvimba, inalegea, na freni yote inakufa. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba mali za wafanyabiashara wa kigeni zipewe Wazairwa. Maduka na mashamba yakabadilisha wenyewe kwa miezi michache, na vipuri vikaanza kukosekana. Wenye umri wanakumbuka. Salongo ilitengeneza mifereji ya barabara kwa majembe, lakini jembe halitengenezi garnitiri. Ni hapo mafundi wetu walipojifunza kazi ambayo hakuna kiwanda kilichowafundisha: kung'oa garnitiri iliyoisha, kukata nyingine kutoka kwenye gari kubwa lililokufa, kuitoboa, kuifunga kwa riveti za shaba, na kuchonga ngoma iliyoliwa. Wengi wamedharau kazi hiyo wakisema ni ya kubahatisha. Mimi naona ni hiyo iliyozifanya Masisi na Goma zile chakula. Ilikuwa na gharama yake pia: garnitiri za zamani zilitiwa amianti, na vumbi lake, fundi akilipuliza kwa mdomo, linaingia kwenye mapafu na kukaa humo miaka mingi kabla ya kuua. Kitambaa chenye maji kinatosha kulikusanya. Vijana wa garaje, msipulize.

Miaka hiyohiyo ya 1970 ndiyo chukudu ilipoonekana. Tunaicheka, kisha tunaitegemea. Ni miti, magurudumu yaliyovikwa mpira wa gari, na mzigo wa viazi, makala au mbao unaoweza kupita kilo 300. Haina moteri kabisa, kwa hiyo swali lake kubwa ni freni: kipande cha mpira wa gari mbele ya gurudumu la nyuma, na mguu wa mwenyewe juu yake. Mtu anashuka kutoka milimani akiwa amesimama juu ya mzigo, mguu mmoja ukipima mwendo. Goma iliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009, na ilistahili. Hata hivyo sanamu haielezi vizuri ule mguu.

Kwa upande wa Walikale, mambo yalikwenda vingine. Vita vya mwaka 1993 vilianzia Ntoto, ndani ya Walikale, vikaenea Masisi. Vilifuatwa na vile vya 1996 na 1998. Barabara bila magari inaliwa na msitu upesi. Madaraja yakaoza, mashofere wakakimbia, na mafundi wakakimbia pamoja nao. Bisie ilipoanza kutoa kasiteriti mwaka 2002, wabebaji waliishusha mgongoni kupitia msituni, kisha ikapelekwa Kilambo, ambako kulibaki kipande cha lami cha barabara ya zamani. Hapo ndege ndogo zilitua barabarani, zikapakia, zikaruka kwenda Goma. Fikirini hilo: barabara iliyojengwa kwa ajili ya makamyo ikawa uwanja wa ndege, kwa sababu kamyo haikuweza tena kupita kwenye barabara hiyohiyo. Magari yalipokosa kufika, pikipiki zikashika nafasi, nazo zikaleta desturi ambayo imehamia kwenye makamyo: kuzima moteri kwenye mteremko ili kubakiza esansi.

Juu ya desturi hiyo nitasema bila kuzunguka. Moteri iliyo kwenye gia ndogo ni freni ya pili. Inashikilia gari bila kuchoma garnitiri. Ukiizima na kuweka gia huru, zile mabidoni 7 za moto zote zinarudi kwenye ngoma. Gari dogo linapoteza pia msaada wa pedali, nayo inakuwa ngumu kama jiwe. Kamyo ya freni za hewa haijazi tena chupa zake. Esansi inayobaki haifiki hata bei ya ngoma moja.

Jambo la pili ni mafuta. Mafuta ya freni yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na nchi yetu ni ya mvua. Yale yanayoitwa DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye digrii 205. Yakishakunywa maji, kwenye 140. Yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inafika chini bila kitu. Sasa kuna watu ambao, mafuta yakikosekana, huweka maji ya sabuni, yanayochemka kwenye digrii 100 hivi. Wengine huweka mafuta ya moteri, na mmeshasikia yanavyoifanya mipira. Gari kama hilo linaweza kusimama vizuri kabisa hapo kituoni, kwenye uwanja wa sawa. Litakataa katikati ya mteremko.

Vita vya miaka hii vimetawanya tena garaje. Mafundi wa Sake wamehama zaidi ya mara moja, kila mara wakibeba funguo na kuacha vyuma vizito, na barabara inajifunza upya nani anajua kuchonga ngoma na yuko fasi gani. Kwa hiyo wewe unayepanda na watoto, una haki ya kutazama. Kama ndani ya gurudumu kumelowa mafuta, usipande. Kama shofere anapiga pedali mara tatu ndipo gari linasimama, au chuma kinalia juu ya chuma, usipande. Gari likisimama katikati ya mteremko na kunuka kuungua, shukeni wote, mngoje ngoma zipoe zenyewe. Msimruhusu mtu amwagie maji, kwa kuwa chuma cha ngoma kilichoshika moto kinapasuka. Konvwayeri aweke mti wake chini ya gurudumu kwanza, ndipo watoto na wazee washuke, kwa upande wa mlima.