Usanifu kurasa

Usanifu kurasa (pia: usanifu wa kurasa) ni kazi ya kupanga maandishi, vichwa vya habari, picha na nafasi tupu kwenye ukurasa ili msomaji asome bila kuchoka na apate haraka anachokitafuta. Kazi hiyo hufanyika kwa vitabu, magazeti, matangazo ya ukutani, karatasi za mitihani na makala za kwenye tovuti. Katika vyumba vya habari vya Tanzania anayeifanya huitwa msanifu kurasa.

Usanifu kurasa ni tofauti na uhariri. Mhariri hushughulikia maneno yenyewe. Msanifu hushughulikia mahali yanapokaa na sura yake. Hata hivyo kazi hizo mbili hutegemeana, kwa kuwa makala sahihi iliyobanwa katika aya moja ndefu ni rahisi kuachwa njiani.

Historia

Maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini mara nyingi yaliandikwa bila nafasi kati ya maneno. Nafasi hizo zilianza kuenea Ulaya ya Magharibi tangu karne ya 7, kwanza katika maandiko ya watawa wa Ireland. Biblia ya Johannes Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, ilipangwa katika safu mbili, na kurasa zake nyingi zina mistari 42.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ufundi wa kupanga ukurasa ulikuwepo kabla ya mitambo ya uchapaji. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi. Tenzi za Kiswahili pia ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati hizo vipande vya ubeti mara nyingi vilifuatana kwenye mstari mmoja na kutenganishwa kwa alama. Vitabu vya herufi za Kilatini kwa kawaida hukipa kila kipande mstari wake. Hivyo ubeti uleule umepata sura mbili bila neno kubadilika.

Uchapaji wa Kiswahili kwa herufi za Kilatini ulikua katika karne ya 19. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wa uchapaji Zanzibar, na gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa huko mwaka 1888. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lilianza mwaka 1923. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili, ikiwa ni pamoja na tahajia.

Mtandao ulileta badiliko kubwa. Mwaka 1996 ilitangazwa sanifu ya kwanza ya CSS, lugha ya kompyuta inayotenganisha maandishi na sura yake. Tangu hapo makala moja inaweza kuonekana kwa upana tofauti kwenye kompyuta na kwenye simu. Msanifu wa gazeti anajua upana wa karatasi yake; msanifu wa tovuti hajui msomaji atatumia kioo cha ukubwa gani.

Vipengele vikuu

Urefu wa mstari. Kwa maandishi marefu, wachapaji wengi hupendekeza mistari yenye herufi kati ya 45 na 75, nafasi zikihesabiwa. Mstari ukiwa mrefu mno, jicho hupotea linaporudi kushoto kutafuta mstari unaofuata. Ukiwa mfupi mno, usomaji hukatikakatika.

Nafasi kati ya mistari. Kwenye kioo, nafasi ya takriban mara 1.5 ya ukubwa wa herufi husaidia kutenganisha mistari. Nafasi kati ya aya inapaswa kuwa kubwa zaidi, ili mwisho wa aya uonekane.

Aya na vichwa vidogo. Kila aya hubeba wazo moja kuu. Vichwa vidogo humwezesha msomaji kuipitia makala nzima kwa haraka kabla ya kuamua aanzie wapi. Kwenye tovuti, kichwa kidogo kiwekwe alama ya kichwa katika msimbo wa ukurasa, si kukozwa tu. Programu zinazowasomea wasioona hutumia alama hizo kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Orodha na majedwali. Hatua zinazofuatana husomeka vizuri zikipewa namba. Jedwali linafaa pale tu panapolinganishwa mambo yenye vipimo vya aina moja, kama bei za mazao katika masoko kadhaa.

Rangi. Sanifu za kimataifa za WCAG hutaka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1, lakini njano safi juu ya nyeupe ni takriban 1.07 kwa 1, yaani karibu haisomeki kabisa.

Picha. Picha inapaswa kukaa karibu na maneno inayoyafafanua na kuwa na maelezo mafupi chini yake. Picha nzito huchelewesha ukurasa kufunguka na hula bando. Jambo hilo huwagusa zaidi wanaosoma kwa simu vijijini, kwa mfano mwanafunzi wa kata ya Mitundu, mkoani Singida, anayenunua bando kidogokidogo.

Kiswahili na mstari mwembamba

Maneno ya Kiswahili hubeba viambishi vingi, kwa hiyo mengine ni marefu. Neno "tutakapowasiliana" lina herufi 17. Kwenye mstari wa simu wenye herufi 35 hivi, neno hilo peke yake huchukua karibu nusu ya mstari. Lisipoenea, hushuka lote kwenye mstari unaofuata na kuacha pengo.

Pengo hilo huonekana zaidi maandishi yanaponyooshwa pande zote mbili, kwa sababu programu hutanua nafasi kati ya maneno machache yaliyobaki. Kwa hiyo kwenye mistari myembamba inafaa kunyoosha upande wa kushoto tu.

Njia nyingine ni kukata neno kwa kistari kifupi. Hapa Kiswahili kina nafuu, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu: tu-ta-ka-po-wa-si-li-a-na. Tatizo hutokea programu inapotumia kanuni za lugha nyingine na kukata "tutak-apowasiliana". Vilevile ng' ni sauti moja na haigawanywi: "ng'ombe" hukatwa ng'o-mbe. Kwenye tovuti, kuutambulisha ukurasa kwa msimbo wa lugha "sw" huziarifu programu kwamba maandishi ni ya Kiswahili.

Wasomaji wenye uoni hafifu

Kwa baadhi ya wasomaji mpangilio huamua kama watasoma au hawatasoma. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na miwani haiwarudishii uoni kamili. Katika mitihani ya taifa ya Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) hukuza maandishi ya karatasi za watahiniwa wenye uoni hafifu, na huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona.

Kwenye tovuti, herufi ziwekwe kwa namna inayomruhusu msomaji kuzikuza bila mstari kutoka nje ya kioo. Tangazo lililopigwa picha na kuwekwa bila maandishi halisomwi na programu za wasioona, na likikuzwa sana hupoteza ung'avu.

Makosa ya kawaida

- Kuandika sentensi nzima kwa herufi kubwa.
- Kukoza maneno mengi mno, hadi lililo muhimu halijitokezi.
- Kuchanganya aina nyingi za herufi katika makala moja.
- Kuweka maandishi juu ya picha yenye rangi nyingi.
- Kutumia rangi peke yake kutoa maana, kama nyekundu kwa hatari na kijani kwa usalama, ilhali wapo wasioweza kutofautisha rangi hizo mbili.
- Kuficha tarehe, mahali au kipimo cha dawa katikati ya aya ndefu.