Mshipi wa Mtu Aliyevunjikiwa na Chombo

Waandishi walioeleza habari za watu waliovunjikiwa na chombo baharini hutaja sana maji ya kunywa, biskuti na jua kali, lakini mshipi huutaja kwa neno moja tu kisha wakapita. Jambo hili lastahili kuangaliwa zaidi. Biskuti huhesabiwa, na siku ya kwisha kwake yajulikana. Bali mshipi waweza kuongeza chakula ambacho hakikuwamo chomboni. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba sifa ya mshipi wa dharura si nguvu ya kuvuta peke yake, kama wengi wadhanivyo. Yapasa pia uweze kungoja miaka mingi sandukuni bila ya kuharibika, tena ukubali kushikwa kwa mkono mtupu, maana katika chelezo hakuna ufito wala gurudumu la kuuzungushia.

Mvuvi wa pwani yetu husema mshipi, ndoana, chubwi na chambo, na kila kimoja chamtegemea mwenzake. Neno mshipi ni lile lile litumikalo kwa ukanda wa kiunoni, na si vibaya kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa mtu aliyepotea baharini atautumia uzi wake kufunga na kushona kama atakavyoutumia kuvua.

Kisa kifunzacho kuliko vyote ni cha Poon Lim, Mchina wa Hainan, aliyekuwa mtumishi katika meli ya Kiingereza Benlomond. Meli hiyo ilitoka Cape Town ikielekea Paramaribo, na tarehe 23 Novemba 1942 ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani katika Atlantiki, ikazama. Yeye peke yake alipona. Alipata chelezo cha mbao chenye kadiri ya futi 8 kila upande, na ndani yake makopo ya biskuti, maji, sukari kidogo na kurunzi. Vilipoanza kupungua, alitoa waya wa kurunzi akaukunja kuwa ndoana, na kamba ya katani akaifanya mshipi. Kisha aling'oa msumari katika mbao za chelezo, akapata ndoana ya samaki wakubwa. Kisu alikifanya kwa bati la kopo la biskuti, na samaki akawapasua na kuwaanika juani. (Nasema katani kwa maana yake ya kale. Msomaji wa Tanga asidhani ni mkonge, uliofika nchini mwake mwaka 1893, ingawa jina moja limekuwa likitumika kwa mimea yote miwili.)

Lililo kubwa zaidi ni namna alivyomkabili papa. Hakuutupa mshipi wake kama ulivyokuwa, bali aliusuka kwanza uwe na unene maradufu, na mikono yake akaifunga turubai. Chambo kilikuwa mabaki ya ndege aliyemkamata. Papa alipomeza na kuvuta kwa nguvu zake zote, mshipi haukukatika wala mikono haikuchanika. Hapo twaona mambo mawili ambayo muuza mishipi dukani hayasemi: kwamba uzi ufumulikao na kusukwa upya huweza kuwa mishipi mingi kwa haja mbalimbali, na kwamba penye uzi mwembamba wenye nguvu, kiungo kitakachoshindwa kwanza ni kiganja cha mtu. Poon Lim alidumu siku 133, hata wavuvi wa Brazil walipomwokoa tarehe 5 Aprili 1943.

Mwezi mmoja kabla ya kuzama kwa Benlomond, ndege ya Kimarekani iliyomchukua Eddie Rickenbacker na wenzake saba ilikuwa imeanguka katika Pasifiki. Hao walikuwa na mishipi na ndoana, lakini chambo hawakuwa nacho, na mishipi ikakaa bure mpaka ndege wa baharini alipotua juu ya kichwa cha Rickenbacker, naye akamkamata. Matumbo yake yakawa chambo, nao wakapata samaki. Walikaa majini siku 24, na mmoja wao akafa.

Mishipi ya Ulaya na Marekani ya zama hizo ilikuwa zaidi ya kitani, hariri au pamba. Zamani zaidi walisokota hata nywele za mkia wa farasi. Kitani kilisifiwa kwa haki. Kikilowa huongezeka nguvu, na wavuvi wa samaki wakubwa walikihesabu kwa idadi ya nyuzi, kila uzi ukikadiriwa kuhimili ratili 3, hivi kwamba mshipi wa nyuzi 9 ulikuwa wa ratili 27. Lakini kitani huoza. Mvuvi wa kila siku aliutandaza mshipi wake jioni ukauke, na kwake ila hiyo ilikuwa ndogo. Katika sanduku la mashua, ambamo unyevu huingia na hakuna afunguaye mwaka mzima, ila hiyo hiyo yaweza kuua mtu.

Kwa sababu hiyo naona kwamba nailoni, iliyotengenezwa mwaka 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont na kutangazwa mwaka 1938, iliwafaa waliovunjikiwa kuliko ilivyomfaa mvuvi. Ikilowa hupungukiwa nguvu kidogo, tofauti na kitani. Lakini haiozi, nayo hunyumbuka, hata samaki akishtuka mshipi hupokea mshtuko ule badala ya kukatika. Adui yake ni jua. Yafaa iwekwe gizani, tena isizungushwe katika kijiti chembamba mno, kwa maana uzi wa nailoni ulio mmoja hukumbuka mapindi yake na kujitatiza.

Nyuzi za polithini zilizosukwa, zilizoenea mwishoni mwa karne ya 20, zina nguvu kubwa kwa wembamba wake, huelea, na hazinyonyi maji. Wengi huzichagua kwa kusoma ile hesabu ya ratili tu. Zafaa sana kushonea turubai na kufungia vitu. Lakini ni telezi, fundo la kawaida hufunguka, nazo hukata ngozi. Kwa kuvua kwa mkono ningetanguliza nailoni nene, na ile ya kusuka niiweke kuwa ya pili.

Wala mshipi haufai kitu pasipo maji, kwa kuwa mwili huhitaji maji ili kutoa taka za nyama ya samaki. Mwenye kiu asiye na maji heri asile. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 1998, zaamuru kila mashua ya kuokolea iwe na lita 3 za maji kwa kila mtu, na seti moja ya vifaa vya kuvulia. Maji yametajwa kwa kipimo. Mshipi haukutajiwa unene, urefu wala namna ya uzi, na uchaguzi umeachwa kwa yule apangaye sanduku bandarini.