Nanga Itangulie, Kamera Ifuate: Tarehe ya Utendi wa Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika Karagwe na kupokelewa na Omukama (mfalme) Rumanyika. Katika kumbukumbu za safari hiyo kuna maelezo juu ya muziki wa nchi hiyo, na nanga ikapata nafasi yake: chombo chenye nyuzi saba au nane, kimoja kikipigwa na bibi kizee. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanatosha kutuonyesha kwamba kabla ya utawala wa Wajerumani na Waingereza fani hii ilikuwa imekomaa, na kwamba haikuwa mali ya wanaume peke yao. Nyakatuntu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni sehemu ya nchi hiyo ya zamani ya wafalme wa Abahinda, na ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, chombo cha ukoo huohuo huitwa inanga. Anayeifuatilia tarehe ya nanga anafuatilia fani ambayo imehama makao mara kadhaa bila kufa. Hoja yangu ni kwamba makao yake yajayo ni filamu ndefu ya kuimbwa na kuchezwa, kwa sharti moja: wimbo wa manju, yaani mpiga nanga anayeimba utendi, uwe msingi, na picha ijengwe juu yake.

Nanga huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, kikawa na umbo la sinia refu, kisha uzi hupitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka nyuzi zitimie. Manju hupiga, husimulia, huimba na kuigiza wahusika wote, na wasikilizaji humwitikia. Kwa njia hiyo zimeimbwa tendi za Rukiza, za Kachwenyanja, na za Mugasha mwenye nguvu za ziwa na dhoruba. Mwaka 1970 mtafiti Ruth Finnegan aliandika kwamba utendi hauna nafasi kubwa katika fasihi simulizi ya Afrika. M. M. Mulokozi, mtafiti mzaliwa wa Mkoa wa Kagera, alimjibu kwa ushahidi wa mamanju hawa, kwanza katika makala ya mwaka 1983, kisha katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo watakaosema kuwa ni makosa kuuweka utendi wa nanga karibu na opera, kwa kuwa opera ilizaliwa Italia karibu na mwaka 1600, katika kumbi za watawala wa huko. Lakini tukiuangalia utendaji wenyewe, opera ni tamthilia inayobebwa na uimbaji, na nanga ni hivyohivyo. Kwenye opera kazi imegawanywa kati ya waimbaji, wachezaji na okestra. Kwenye nanga inabebwa na mtu mmoja na waitikiaji wake. Anayetaka kuipeleka nanga kwenye filamu atamgawia kila mhusika mwili wake, na ngoma ataikuta tayari, kwa kuwa Kagera ina ngoma ya mutoro na pembe za makondere za ikulu za wafalme.

Ikulu zilikuwa makao ya kwanza yanayofahamika ya fani hii, na makao hayo yalifungwa. Utawala wa machifu ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na manju aliyekuwa akiimba mbele ya Omukama akabaki na harusi, mikusanyiko ya rubisi (pombe ya ndizi) na nyumba za watu. Baadaye zikaja kaseti na redio, na hapo jambo moja likajionyesha wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Kagera, aliimba "Maria Salome" katika lugha ya kwao, na wimbo ukapendwa nchi nzima na watu ambao hawakujua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wakauita "Salome", wakautolea video ya mavazi na uchezaji, na kizazi ambacho hakikuwahi kununua kaseti kikaupokea. Huo ni ushahidi kwamba sauti ya Kagera inasafiri ikivishwa picha. Hata hivyo kilichosafiri ni wimbo wa dakika chache. Utendi, ambao humtaka msikilizaji akae, umekosa chombo cha kuubeba: redio haina muda nao, video ya muziki haiutoshi, na mikusanyiko iliyoulea inapungua. Miongoni mwa vyombo vya leo, filamu ndiyo yenye urefu unaolingana nao.

Namna ya kuitengeneza filamu hiyo tunaweza kujifunza kwa waliotangulia. Mwaka 1951 Michael Powell na Emeric Pressburger walitoa filamu ya "The Tales of Hoffmann", kutokana na opera ya Jacques Offenbach iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1881, baada ya mtunzi kufariki. Kwanza Thomas Beecham alirekodi muziki wote na okestra yake. Ndipo picha zikapigwa studioni, waigizaji wakiufuata muziki uliokwisha kurekodiwa. Kwa kuwa hapakuwa na haja ya kunasa sauti papo hapo, kamera ilikuwa huru kwenda itakako, na mchezaji kama Moira Shearer aliweza kuonekana akicheza huku sauti ikiwa ya mwimbaji mwingine. Mpangilio huo unaifaa nanga kuliko mazoea ya kupiga picha kwanza kisha kutafuta muziki wa kujazia. Manju arekodiwe utendi mzima kwa mwendo wake, na nyuzi zake ndizo ziamue picha ikatwe wapi na mchezaji ageuke lini. Picha ikitangulia, nanga itageuka pambo la nyuma, na utendi utakuwa umepotea mbele ya macho yetu.

Pingamizi la kwanza ni lugha: nani nje ya Kagera atakaa saa moja na nusu akisikiliza Kinyambo cha Karagwe au Kihaya? "Maria Salome" imekwisha kujibu kwa sehemu, na Afrika imejibu zaidi. Mwaka 2005 "U-Carmen eKhayelitsha", opera ya Bizet iliyohamishiwa kitongoji cha Cape Town na kuimbwa kwa Kixhosa, ilitwaa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin. Jirani zetu Waganda walimwona Byron Kawadwa akiupeleka mchezo wake wa kuimba "Oluyimba lwa Wankoko", ulioandikwa kwa Kiganda, hadi tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Mwaka huohuo aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Hakuna kati ya kazi hizo iliyoachana na lugha yake ili isikike mbali. Tafsiri ya Kiswahili chini ya picha inatosha kwa maana, na sauti ibaki kama ilivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Manju hutunga upya kila anapoimba, huwajibu wanaomwitikia, hurefusha hapa na kufupisha pale. Filamu itaugandisha usiku mmoja ukawa ndio utendi wote. Ni kweli, na hasara hiyo isifichwe. Inaweza kupunguzwa. Ingmar Bergman, alipotengeneza "Filimbi ya Kichawi" ya Mozart mwaka 1975, alianza na nyuso za wasikilizaji wa opera hiyo, ili mtazamaji asisahau kwamba hadithi inaimbwa mbele ya watu. Filamu ya nanga nayo iwabakishe waitikiaji ndani ya picha. Zaidi ya hayo, rekodi nzima ya manju ihifadhiwe peke yake bila kukatwa, na jina lake na malipo yake viwekwe wazi, kwa maana sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 imezitambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa.

Watakaotaja gharama wakumbuke kwamba ulimwengu wa "Hoffmann" ulijengwa studioni, sehemu kubwa kwa vitambaa na rangi. Ziwa la Mugasha linaweza kuwa wachezaji na vitambaa vya buluu. Hazina ya Rumanyika, ambamo msafiri Henry Morton Stanley alionyeshwa mikuki na sanamu za shaba mwaka 1876, inaweza kufuliwa upya na wahunzi wa Kagera. Uwezo wa kuhamisha kazi ya sanaa kwenda filamu tunao: Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, "Vuta N'kuvute", kuwa filamu, ikafika tamasha la Toronto mwaka 2021. Kwa hiyo wito wangu kwa maofisa utamaduni wa Karagwe na Kyerwa, kwa walimu wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) na kwa waongozaji wetu ni mmoja. Kabla ya kuandika mswada wa filamu na kabla ya kutafuta mfadhili, nendeni Nyakatuntu na vijiji jirani, mumuulize kila mzee ni nani bado anaujua utendi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mumrekodi akiwa hai.